Ujumbe Uliokuja Kwangu

Mdogo wangu Niwaeli,

Habari za Vudee? Mpe Mama shikamoo yangu. Huku Same ni jua na vumbi, na hapa steshenari wateja wamepungua.

Unakumbuka tulivyofungua akaunti za kuomba ajira ya ualimu? Kwa kuwa mtandao wa huko juu unasumbua, hata kwako tuliweka namba yangu ya simu.

Mwezi wa tatu ujumbe uliingia kwenye simu yangu kwamba umeitwa kwenye usaili. Mimi sikuitwa. Ulitakiwa kuthibitisha ndani ya siku tano. Niliusoma ule ujumbe kila asubuhi, nikanyamaza mpaka siku zikaisha.

Jumapili yake nilipanda kuwaona. Ukaniuliza, nikakujibu hakuna kitu. Ukacheka, ukasema, "Tutapata tu, Dada," ukanifungashia ndizi.

Leo nimeweka namba yako kwenye akaunti yako. Nywila nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nenda pale kanisani mtandao unaposhika, uibadilishe, na mimi nisiijue.

Zile ndizi niliwagawia majirani. Sikula hata moja.

Navoneiwa