Tuwaombee Nini?

Migwani, Alhamisi

Nimeipata! Profesa aliyesema utafiti wangu hautafika popote sasa atanyamaza.

Wiki tatu nimegawa karatasi za maswali katika kiwanda cha pamba. Je, unaridhika na kazi yako? Wote walitia alama palepale: nimeridhika kabisa. Hata Mama Mutindi, ambaye hukohoa vumbi la pamba kutoka asubuhi! Nilikasirika nikataka kuzichoma. Kumbe kwa hawa wafanyakazi, watu wa kanisa kama mimi, kunung'unikia kazi ni kumnung'unikia Mungu aliyekupa.

Leo saa ya chai nimeziacha karatasi kwa mkoba. Nikauliza vile tunaulizana kwenye ushirika wa maombi kanisani: "Kuhusu kazi, tuwaombee nini?"

Wacha wafunguke!

"Mniombee kifua," akasema Mama Mutindi. "Niliomba kuhamishwa, meneja akacheka tu."

Mwenzake akadakia, "Mimi ombeni meneja ajue jina langu. Miaka sita ananiita wewe."

Walinikubalia niandike, nikaandika mpaka mkono ukafa ganzi. Mambo ambayo vitabu vyangu vinaeleza kwa sura nzima, wao waliyamaliza kabla chai haijapoa. Kisha tukaomba kweli, maana singewadanganya.

Nikifunga daftari, nikijiona bingwa, Mama Mutindi akanishika mkono. "Na wewe, mwalimu? Kazini kwako tukuombee nini?"

Nilitaka kusema nimeridhika kabisa. Nikajisikia nikisema, "Profesa."

Wakainamisha vichwa tena, wote, bila kuniuliza zaidi.