Keremkerem Wamepita Tena, Baba Yetu Msellem

Mwaka umetimia, Baba, tangu utoke nyumbani Al Baraha, hapa Dubai, kwenda hospitali kwa miguu yako mwenyewe, ukamwambia Mama aweke kahawa jikoni, unarudi sasa hivi. Hukurudi.

Duka la vipuri kule Deira ulilisimamia kwa uaminifu, lakini moyo wako ulikuwa kwenye bustani ya Zabeel. Kila Machi, kabla joto halijapamba moto, ulitundika darubini shingoni ukaenda kutazama ndege wapitao. Watunza bustani uliwamiminia kahawa ya tangawizi, ukawaachia darubini nao waone. Mama ukimwita mpaka watu wageuke: "Ghania, yalla, njoo! Keremkerem hao, wanatoka kwetu. Waulize habari za Unguja!" Mama akijibu, "Mzee huyu karukwa na akili," na huku anakuja mbio.

Mwaka jana walipita Mama yumo edani. Mlio ukisikika juu ya paa, aliitika, "Nakuja, bwana."

Wiki iliyopita tulimpeleka bustanini. Darubini ilikuwa bado imewekwa kwa macho yako mabovu. Mama alipoitia usoni, hakuona ila ukungu.

"Zungusha hapo kati, Mama, kidogo tu," Maha alimwambia, akinyoosha mkono.

Mama akauzuia. "Khalas, usiguse. Baba yako kaiacha hivi."

Akakaa akiutazama ukungu ule muda mrefu, kama anayekutafuta humo. Tuliogopa, Baba.

Kisha kundi likapita juu ya miti, wakipiga kelele zao zile zile, na Mama akazungusha. Akawaona! Koo za manjano, matumbo ya buluu. "Wazuri, wallahi," alisema, akicheka na kulia kwa pamoja.

Ndege walipokwisha kupita, akaanza kuizungusha kuirudisha ulipoiacha. Alizungusha ndani ya metro, akazungusha mezani chakula kikipoa. Mpaka leo anazungusha mbele, anazungusha nyuma, anachungulia, anatikisa kichwa. Ukungu upo wa kila namna, ila ule wako hajaupata.

Wanaokukumbuka ni mkeo Ghania. Wanao Maha, Zayd na Humam. Dada yako Bi Ashwaq. Na jamaa wote wa Dubai na Unguja.

Mola akurehemu, Baba. Hatukusahau, wala hatutakusahau maisha yetu yote.