Vitabu Darini, Kaka Chini ya Boriti

Kwa Dirkje,
Barneveld,
2 Februari 1995

Mpendwa Dada Neeltje,

Salamu nyingi kutoka upande huu ambako hata kiberiti kimelowa. U mzima? Shemeji Arend naye mgongo umetulia, au bado anauinamisha kwa kukata manyoya ya kondoo wa watu? Huko New Zealand sasa ni kiangazi, najua, mnakula nje na kubabuka pua kwa jua. Sisi tu wazima wa mwili. Hermien mzima, ila leo hazungumzi sana nami. Mimi mzima, ila usingizi umenihama na tumbo limeongezeka, kwa sababu shemeji yangu Dirkje, dada wa Hermien, akiogopa hupika, na wiki hii ameogopa mno.

Utashangaa anwani hapo juu. Hatuko nyumbani. Bila shaka mmetuona kwenye televisheni: mto Waal umejaa hadi mdomoni, na tuta linaloyazuia limenyonya maji mpaka likawa kama mkate uliochovywa kwenye maziwa. Jumanne tuliamriwa kuhama, mtu na mifugo yake. Barneveld iko juu, maji hayafiki. Kwa hiyo tumekaa pakavu, tunaiogopea nyumba kwa mbali.

Nyumba unaijua, ni ile ile ya babu, nyuma ya bustani ya matofaa. Na kile kitabu chake cha safari za meli unakikumbuka, kwani ulikuwa ukiniwekea mapajani nikiwa mtoto ili nisiweze kuinuka na kukusumbua. Wewe ndiwe uliyenionyesha yule nyangumi aliyekwama ufukweni, na mabwana wenye makofia wakimpanda kwa ngazi kama wanaezeka nyumba. Ugonjwa wangu ulianzia hapo, na nusu ya lawama nakuachia wewe.

Tangu uondoke, kitabu kile kimezaa. Hermien anasema kimezaa kama sungura. Nina safari za kwenye barafu, meli imebanwa na mabaharia wanapigana na dubu mwenye uso wa mwenyekiti wa kijiji chetu. Nina Java na Japani. Nina jiografia nzima za dunia zilizofungwa kwa ngozi nyeupe ya ndama, na picha moja moja zilizochapwa kwa bamba la shaba, ambazo watu wasio na huruma walizichana vitabuni kuzitia kwenye fremu. Yupo tembo mwenye kwato za ng'ombe. Ipo Kilwa ya pwani ya Afrika yenye minara iliyochongoka kama ya kanisa letu, maana mchongaji hakuwahi kuvuka lango la Amsterdam, na mnara mwingine hakuujua. Nawapenda zaidi hao waliokosea. Wanafanana nami.

Sasa, mtu wa kwetu akisikia maji, haulizi swali. Anapandisha vitu juu. Watoto wetu wanajua hivyo kabla hawajajua kufunga viatu. Jumatatu wenzangu walikuwa wakipakia ng'ombe kwenye malori, nami nilikuwa ngazini na dunia nzima kifuani, jalada kwa jalada, hadi magoti yakaanza kuongea.

Hermien akapita na sufuria zake. "Jirani anaokoa maziwa na nyama," akasema. "Mume wangu anaokoa tembo wa karatasi."

"Huyu hali majani," nikamjibu.

"Hatoi maziwa vilevile."

Kaka Evert ndiye aliyenisaidia kubeba, ingawa hakunyamaza hata ngazi moja. Unajua amehamia kwetu tangu mkewe alipofariki. Aliviita mabibi zangu wa ngozi. "Huyu bibi amekula nini, Profesa? Wewe nakuona unabeba wajukuu zake tu." Tulipomaliza vitabu tukapandisha na kitanda chake kutoka chini, tukakiweka katika chumba cha ghorofani. Maana yeye hahami. Yumo katika walinzi wa tuta, kama baba alivyokuwa na babu pia. Mto ukijaa, kila upande wa kijiji hutoa wanaume wa kutembea juu ya tuta kwa zamu, wakitazama nyufa na mahali maji yanapopenya. Zamu ikiisha, mtu hurudi kwake kujinyoosha.

Siku ya kuondoka alitusindikiza hadi kwenye gari na mabuti yake ya mpira. Nilimwambia avitazame vitabu. Akasema, "Nitavisomea hadithi kabla ya kulala." Ndivyo tulivyoagana. Sikumwambia neno jingine, Dada, na hilo linanikereketa.

Jana tulikuwa jikoni hapa, Dirkje akiosha, Hermien akifuta, mimi nikiwa njiani mwa kila mtu. Wanazungumzia unyevu, jinsi kabati zote zinavyovimba. Hermien akasema, kama mtu anayetaja bei ya mayai, "Hata mlango wa chumba cha Evert uligoma kufunga tulipokuwa tunatoka. Nimeusukuma kwa nyonga."

"Mlango upi?" nikauliza.

"Wa pale juu, ulikomwekea kitanda."

"Tangu lini mlango huo unagoma?"

Akafikiri. "Haujawahi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu wa vitabu, Neeltje, haegemezi kitabu kwenye ukuta wa nje, kwa sababu ukuta unatoa jasho na karatasi inapata madoa ya kahawia. Kwa hiyo kule darini nilivirundika katikati. Vyote. Mrundo mzuri, mkavu, umefunikwa turubai, mbali na kila ukuta, juu ya boriti ile moja ndefu ambayo wadudu waliila zamani za babu na ambayo baba alikuwa akiigonga kwa fundo la kidole na kutikisa kichwa. Chini ya boriti ni chumba. Chini ya boriti, katikati ya chumba, nimeweka kitanda cha kaka yangu. Mlango haukuvimba kwa unyevu. Ulibanwa kutoka juu.

Miaka yote tumefundishwa kuogopa kitakachotoka chini. Hakuna aliyenifundisha kutazama juu.

Nikapiga simu. Ikalia, ikalia, ikakatika. Nikapiga tena. Dirkje akasema yuko tutani. Hermien akasema amelala, na akilala Evert hata king'ora hakimwamshi. Jambo la tatu hakulitaja mtu. Nikachukua funguo za gari, na Hermien akavaa koti bila kuniuliza ninakwenda wapi.

Kwenye daraja la Rhenen, njia ya kuingilia kwetu, wameweka vizuizi. Akaja polisi mmoja mwenye masharubu yaliyolowa, mtu wa rika langu, aliyekwisha kuchoka na binadamu.

"Bwana, hapa haingii mtu."

"Kaka yangu yuko ndani."

"Anafanya nini ndani?"

"Mlinzi wa tuta."

"Basi yuko kazini. Na wewe unafuata nini?"

Ningeweza kuanza kwa maneno ya maana. Nikasema, "Nina vitabu darini."

Akarudia neno langu: "Vitabu."

"Vikubwa."

"Asubuhi nimemrudisha mama aliyetaka kumfuata kasuku wake. Kasuku ana roho, bwana. Kitabu kina nini?"

"Kina uzito," nikasema. Hermien akainama kutoka upande wake, akamweleza kwa utaratibu: boriti, mlango, kitanda. Yule mtu masharubu yakamshuka. Akaenda kwenye redio ya gari lao, akaita kituo cha walinzi wa upande wetu, akanigeukia. "Wanamtafuta. Nimwambie nini?"

Dada, usinihukumu. Nikaanza hivi: "Mwambie avishushe kidogo kidogo, vile vya ngozi nyeupe asivishike mgongoni, na picha zilizolegea azibebe zikiwa zimelala..."

"Gradus," Hermien akasema. Basi, jina tu.

Polisi alikuwa bado ameshika redio, anangoja. Nikasema, "Mwambie asiingie kabisa chumba kile. Vitabu aviache. Vikianguka vianguke."

Tukasubiri. Mvua ilikuwa inapiga paa la gari, na Hermien akanishika mkono, jambo ambalo hatulifanyi mbele za watu. Mara sauti ikakwaruza ndani ya redio, na nyuma yake wanaume wakicheka, na nikaitambua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Huyo Profesa yuko hapo? Mwambieni asubuhi chokaa ya dari imeniangukia kwenye mto wa kulalia. Nilidhani ni panya. Mwambieni mimi si punda wa maktaba, sipandi tena huko. Nalala hapa hapa bandani na wenzangu, kuna majani makavu na kahawa."

Hermien akalia, halafu akacheka, halafu akanipiga begani kwa nguvu. Polisi akafuta masharubu na kusema kaka yangu ana mdomo. Nikamwambia kwetu wote tunao. Tulirudi Barneveld kama watu waliotoka harusini. Dirkje akapakua supu ya njegere, nzito hata kijiko kilisimama, na nikala kwa hamu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Nilikuwa na kijiko mkononi ndipo nikauliza, "Banda lipi?"

Hermien hakushangaa. Alikuwa ameshajiuliza, tangu ndani ya gari, na hakutaka kunipunguzia hamu ya supu.

Walinzi wana banda moja tu, Neeltje. Ni lile la zamani la kondoo, pale mto unapopinda, limejengwa kwenye tumbo la tuta lenyewe. Halina ghorofa wala ngazi. Nyumbani angekuwa na dirisha la juu na paa la kukalia, na maji yangechelewa kuvuka bustani. Pale hayana mahali pa kuchelewa. Nimemtoa kaka yangu chini ya vitabu vyangu, nimemlaza chini ya mto.

Nilitaka kurudi darajani nimwombe arudi nyumbani alale sebuleni, juu ya meza, popote. Hermien akasema Evert ni mtu mzima na anajua maji kuliko mimi. Kweli anayajua. Walivyotuambia asubuhi ya leo kwenye kituo cha polisi cha hapa Barneveld, kwa redio yao, maji yanabubujika upande wa ndani wa tuta karibu na banda, lakini ni safi. Yakianza kutoka na mchanga, ndipo tuta linaliwa kutoka ndani. Ni safi bado, wamesema. Neno hilo "bado" nitalala nalo kitanda kimoja.

Kwenye habari wanasema mto umeacha kupanda. Hawajasema umeshuka.

Vitabu sivifikirii sana, na hilo linanitisha kwa namna yake, maana sikujua kama naweza. Boriti ikivunjika, ivunjike. Mniombee Evert tu. Ninyi mna Jumapili kabla yetu, labda ombi la kwenu litatangulia kufika.

Nisalimie Shemeji Arend, umwambie aache kondoo wainame wenyewe. Nisalimie mwanenu Maaike na watoto wake, na yule mdogo anayechora meli, mwambie aongeze matanga. Hermien anakubusu, na Dirkje pia, ingawa hakujui. Mungu akuweke pakavu, wewe na wote walio chini ya paa lako.

Ukiipata barua hii, tafadhali usipige simu. Niandikie. Simu ikilia humu ndani sote watatu tunasimama, na hakuna anayekwenda kuipokea.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote,

Gradus