Uzi wa Kupima Mguu

Naro Moru,
Jumapili, baada ya kanisa

Maitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu nayasalimu magoti yako. Yanaendeleaje na hii kazi ya kupanda? Ile dawa ya kupaka niliyotuma unaitumia ama umeiweka kwa kabati ingojee wageni? Na binti yangu Muthoni, huyo mwenye jina lako, kikohozi kiliisha? Anakula? Mimi niko mzima, ni uchovu tu. Nilishuka mlimani jana na wageni, na sasa naandika miguu ikiwa ndani ya karai la maji moto.

Nimeamua kuandika kwa sababu barua huwezi kuikata katikati. Wiki iliyopita ulinikatia simu, Maitu. Ulisema, "Sikukusomesha hadi fomu foo ndio ubebee watu mizigo kama punda," na kabla nijibu, kimya. Kisha ukamtuma Kariuki wa gari la mchele aniambie ati mtoto hatoki hapo kwako Wang'uru mpaka nipate kazi ya watu. Kariuki alinieleza akicheka. Mimi sikucheka. Nilikaa kando ya barabara na simu mkononi kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Sasa nisikilize mpaka mwisho. Kuna mahali nataka kukupeleka. Ni huko mlimani, lakini si huko juu kwenye barafu, usianze kushika kichwa. Ni ziwa. Unaenda asubuhi, unarudi siku hiyo hiyo, unakunywa chai ya jioni umeketi kwa kiti.

Mimi nilionyeshwa na Mama Karimi. Huyu ni mama wa Chogoria, upande ule mwingine wa mlima, rika lako. Amebeba mizigo tangu nikiwa mtoto mchanga, na siku hizi yeye ndiye anayeongoza wageni, sisi tunafuata. Yeye ndiye amenichukua kama mtoto wake huku. Siku ya kwanza nilitaka wanaume wanione, nikapanda mbio mbele ya kila mtu. Mama Karimi akaniita kutoka nyuma, "Wewe msichana wa mchele! Unakimbilia nani? Ziwa halihami!" Sikusikia. Kidogo tu kichwa kikaanza kupiga ngoma, nikatapika chai yote ya asubuhi, nao wanaume wakapata cha kuongea. Unajua alifanya nini? Hakunigombeza. Aliniweka mbele ya msafara wote, akasema, "Hapa anayechoka ndiye anatangulia. Wenye nguvu watamngoja." Na kweli wale wanaume wote walitembea kwa mwendo wangu, mmoja mmoja, bila kunung'unika. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Kwetu anayechoka anaachwa nyuma na sufuria.

Halafu tulifika mahali pa tope, nyasi zimesimama mafundo mafundo na katikati ni maji. Hapo wanaume walizama hadi magotini. Mimi nilipita na mzigo wangu, viatu vikapata tope kidogo tu. Mmoja akaniuliza, "Ulijifunzia wapi wewe?" Nikamwambia, kwa matuta ya mashamba ya mpunga ya Mwea, nyuma ya mama yangu, nikikanyaga pale alipokanyaga. Na kubeba pia, Maitu, nani alinifundisha? Nilikuona ukitoka mtoni na mtungi mgongoni, kamba ikiwa kwa paji la uso, na mimi tumboni mwa sweta yako nikichungulia. Hakuna mtu aliyekuita punda. Mimi nilidhani wewe ndiye mtu mwenye nguvu kushinda wote Kirinyaga. Bado nadhani.

Sasa ziwa lenyewe. Huwezi kuliona ukiwa mbali. Unapanda kilima cha nyasi kavu, huoni kitu ila mawe na mawingu, unaanza kufikiria umedanganywa, halafu hatua moja, hilo hapo chini yako. Limetulia kama shamba lililosawazishwa vizuri likingoja kupandwa, lakini halina tuta mwishoni, na mbingu yote imeingia ndani. Nilishuka nikatia mkono nikapima kina kwa vidole, kama unavyofanya kila asubuhi. Baridi yake inauma hadi kwa mfupa! Halafu nikaanza kuzunguka ukingoni nikiangalia chini. Mama Karimi akauliza, "Umepoteza nini?" Nikamjibu natafuta mlango wa kufungulia maji. Alicheka mpaka akaketi chini. "Mwana wa Mwea," akasema, "hapa hakuna wa kukufungulia."

Hebu fikiria, Maitu. Maji mengi namna hiyo na hakuna zamu. Hakuna mzee amesimama kwa mfereji na jembe akiapa ati leo ni siku yake. Mama Karimi anasema mito ya upande huo haiji kwenu, inaenda kwingine. Sawa. Lakini mlima ni huo mmoja, na wewe umeinama kwa maji yake miaka yote bila kuona yanakokaa yakiwa yamepumzika. Nilisimama hapo nikaona haya kuyatazama peke yangu.

Basi nimepanga hivi. Mkimaliza kuvuna, kabla ya shule kufunguliwa Januari, Kariuki atawapeleka wewe na mtoto hadi Chogoria. Nitawangoja barabarani. Tutalala kwa Mama Karimi, na mtoto atabaki hapo na wajukuu wake, maana huko juu hewa ni nyepesi kwa mtoto wa miaka mitano. Tutaondoka alfajiri na gari linalopeleka vyakula vya wageni, litupandishe hadi mahali barabara inaishia. Kutoka hapo ni masaa mawili ya watu wazima wanaopiga stori. Lazima tufike kabla ya saa sita, kwa sababu mchana mawingu yanafunga. Nitabeba chai, nduma na mayai. Wewe usibebe chochote, hata kikapu. Ukiumwa kichwa unasema hapo hapo, hujikazi, na tunageuka. Mimi ndiye nitaamua, si wewe. Utatembea mbele. Mimi nitakuwa nyuma yako kama zamani.

Nataka unione nikifanya kazi yangu siku moja. Ukirudi nyumbani bado ukasema ni kazi ya punda, utakuwa umesema kitu ulichokiona.

Lakini jambo la mtoto sitalibadilisha. Mwaka ujao Muthoni ataanza shule hapa Naro Moru. Nikiwa juu na wageni atalala kwa mke wa mchungaji wetu, ana watoto wawili wa rika lake, tumeshakubaliana. Mimi ndiye mama yake, na amekaa mbali nami vya kutosha. Najua si mizigo yangu tu inayokuuma. Ni hiyo nyumba itakavyonyamaza. Mimi pia nikiwaza hivyo kalamu inasimama. Likizo zote atakuja kwako, hilo naahidi.

Usije na gambuti za shambani, hizo buti za mpira. Zitakutoa ngozi. Hapa kuna fundi anayenitafutia buti nzuri za mitumba, ila sijui mguu wako, maana tangu nizaliwe nimekuona pekupeku au kwenye gambuti za baba. Ndani ya bahasha nimeweka uzi mwekundu. Simama wima sakafuni, mtoto aupime kutoka kisigino hadi kidole kirefu, ukate hapo. Halafu upime mguu wake kwa sehemu inayobaki, kwa ajili ya viatu vya shule. Kariuki akileta mchele Nyeri siku ya Alhamisi atanipitishia.

Msalimie huyo Kariuki, mwambie aache kucheka. Msalimie tata, shangazi yangu anayeongoza kwaya ya akina mama, na yule jirani anayekuazima chaja.

Kipande cha uzi cha mtoto nitakingoja, na lazima kije. Chako, Maitu, nakuomba tu.

Ni mimi binti yako, nyuma yako,
Wangari