Kaka, Wamemfuta Marigu Kando ya Kaburi Lako

Mpendwa kaka Murithi,

"Programu ya kukata video kwa njia ni ya wazee. Hii mpya ukifuta kitu inaziba pengo yenyewe, na hakuna mtu atajua kulikuwa na kitu hapo." Hayo aliyaandika Koome, yule uliyemfundisha kazi na ambaye sasa ndiye mwenye studio yako mjini Meru, katika kundi la WhatsApp la wapiga video wa Meru na Embu. Wakamshangilia. Mimi nikamjibu kwamba hajasifu programu, ameungama. Wakaniambia nirudi kwenye vitabu vyangu huku Embu, ubishi umenizidi. Sijarudi. Ninakuandikia wewe, na ninaandika hadharani, kwa sababu kilichofutwa bila mtu kujua ni binti yako.

Unakumbuka ulivyonifundisha kukata video? Wewe ulishika kamera, mimi nikakaa mbele ya kompyuta, nikaona mistari imelala mmoja juu ya mwingine nikataka kukimbia. Ukacheka. Ukasema hizo ni njia: picha juu, maneno ya watu chini yake, nyimbo chini zaidi. "Ni kama matuta ya shamba la mama kule Kanyakine. Kila mmea na tuta lake. Ukiing'oa kabichi, tuta linabaki wazi, na anayepita anaona palikuwa na kabichi." Kwa maneno hayo nilifanya kazi nawe miaka mingi, na sijapata maelezo bora popote, nami si mvivu wa kusoma.

Programu ya Koome haina matuta. Ina mstari mmoja mkuu, na vipande vingine vyote hushikizwa juu yake kama kiazi kikuu kinavyoparamia mti. Ukikata mti, kiazi kinaanguka nao. Kisha, kabla hujapepesa macho, vipande vilivyobaki vinasogeleana na kushikana mikono kama ndugu waliokwisha kugawana shamba. Ukitazama, huoni jeraha.

Sisemi kwamba njia hazina dhambi. Unaikumbuka ile harusi ya Timau, upepo ukipiga kutoka mlimani hadi keki ikafunikwa kwa blanketi? Tulitoa kipande cha hema likiyumba, tukavuta picha mbele, tukasahau kuvuta sauti. Mchungaji akauliza swali lake, na lile "Ndiyo, nakubali" likasikika wakati kamera imeshamgeukia msimamizi wa bwana harusi. Maharusi wakaja studio. "Bwana Murithi," akasema bwana harusi, "hebu niambie, hapa nani ameoa?" Bibi harusi akadakia, "Mimi sina shida, hata huyo ni mzuri." Ulicheka hadi ukashikilia mlango. Nakubali, programu ya Koome isingefanya kosa hilo, maana sauti na picha zingetembea pamoja. Nakubali pia kwamba ni ya haraka, na mwenye harusi tatu kwa wiki anahitaji haraka. Lakini kosa letu lilipiga kelele. Kila aliyelitazama alilijua, na tulilirekebisha kesho yake. Kosa la Koome ni bubu.

Na wewe hukuogopa pengo. Kule Kiambere, kwenye mazishi ya kijana mmoja, betri iliisha mama yake akiwa katikati ya maombi. Mkuu wa ile familia akakwambia, "Unganisha tu, Murithi. Nani atajua?" Ukakataa. Uliacha skrini ikawa nyeusi kwa muda ule ule, ukaandika kwa herufi ndogo: Hapa kamera ilizimika. "Kamera ilizimika," uliniambia, "mama hakunyamaza." Yule mama alipoiona video aliinuka, akaweka kiganja juu ya ule weusi, akasema, "Hapa ndipo nilikuwa naomba." Hakulalamika. Alikuwa amepata nafasi yake.

Ni safari zako za kazi kule Kiambere zilizokukutanisha na mwimbaji wa kwaya aliyemzaa Marigu. Wasomaji wa barua hii wajue hivyo, kwa sababu wewe hukuwaambia watu wengi.

Sasa nikusimulie siku tuliyokuzika. Wanao wa nyumbani, Mwenda na Kimathi, walisimama mbele. Mama yao alikuwa ameshakutangulia. Marigu alishuka kutoka Timau, anakofanya kazi katika shamba la maua, bado amevaa lile koti zito la baridi, ameshika shada alilolifunga mwenyewe. Mshereheshaji akaita, "Watoto wa marehemu, kujeni na mashada." Unajua kwetu mwito huo una uzito gani. Ukoo hausomi cheti. Unatazama nani ameinuka. Marigu akanitazama. Nikamsukuma begani. "Enda. Ni wewe unaitwa." Mwenda na Kimathi wakaweka yao kwaya ikiimba. Zamu ya Marigu ilipofika, mwenyekiti wa kamati ya mazishi alikuwa ameshachukua kipaza sauti kuanza shukrani zake zisizokwisha. Akaliweka shada lake katikati ya shukrani hizo, akapiga goti, akashika udongo wako kwa mkono mtupu. Niliona. Kamera ya Koome pia iliona.

Koome alipounganisha video, aliweka hotuba ya mwenyekiti kwenye mstari mkuu, na picha ya Marigu akaishikiza juu yake. Baba mdogo Justus akaitazama, akasema, "Huyu mwenyekiti anaongea kama anatafuta kura. Mtoe." Koome akamtoa. Marigu akatoka naye. Programu ikaziba, kwaya ikaendelea, shada la Kimathi likafuatwa na wajukuu wa ukoo wakiimba. Safi kabisa. Sidhani kama Justus alikusudia wakati huo. Faida aliiona baadaye.

Mwezi uliopita ukoo uliketi sebuleni kwako Kanyakine kuzungumza juu ya shamba lako. Justus akawasha televisheni. "Watu wanasema huyu naye ni mtoto wa Murithi," akasema. "Sawa. Watoto waliitwa kaburini, na kila mtu alisikia. Nionyesheni huyu msichana. Video haina shangazi wala mjomba." Video ikapita. Mashada mawili. Majirani waliokuwa wamesimama karibu nasi siku ile, waliokula wali wetu wakashiba, wakasema watu walikuwa wengi, nani atakumbuka? Mwenda na Kimathi wakatazama viatu vyao. Nikasimama kusema nilichokiona. "Wewe uliolewa Embu," Justus akanikata. "Ya huku tuachie sisi."

Hilo nimelizoea, na majibu yake ninayo. Kilichonivunja ni Marigu. Alinigeukia, akanishika kiganja, akasema polepole, "Shangazi, si nilikuwa hapo?"

Aliuliza, kaka. Hakusema, aliuliza. Msichana aliyeshika udongo wa baba yake kwa mkono wake alikuwa ameanza kuamini televisheni kuliko magoti yake mwenyewe. Tangu siku hiyo sipati usingizi wa maana.

Nilimpigia Koome. "Auntie," akasema, "mimi ni fundi tu. Hiyo video iko sawa, haina pengo." Nikamuuliza picha za mwanzo, zile ambazo hazijakatwa, ziko wapi. "Ziko kwa diski. Lakini mteja ni mzee, na mimi sitaki kuingia mambo ya shamba ya watu." Ameshaingia! Fundi wa nyumba hajengi ukuta juu ya mtu kisha akasema yeye ni fundi tu. Kila anayekata picha anaamua nani alikuwepo. Anayetumia njia anaweza kudanganya pia, kwa kusudi na kwa jasho, akiziba kila pengo kwa mkono wake. Lakini programu inayoziba yenyewe imemfanya Koome aseme uongo bila kufungua mdomo, na sasa anaupenda uongo huo kwa sababu ni laini kutazama. Usahihi ameupima kwa ulaini. Nikiwasikia wahariri wetu wakirudia kwamba pengo ni aibu, najiuliza wamezika watu wangapi kwa mtindo huo.

Lakini sitakuacha wewe ukapita hivi hivi, ndugu yangu. Nimekulilia, na bado nina hasira nawe. Wewe uliyenifundisha kila kitu kiwe na njia yake, ulimpa Marigu njia gani? Alipokuja Krismasi ulimkaribisha kwa chapati na kumwita "mgeni wetu wa Timau". Ulimlipia shule, ulimtembelea, ulimpenda, naapa ulimpenda. Lakini kila mara ulimshikiza juu ya kitu kingine: safari, kazi, maneno ya utani. Hukuwahi kumsimamisha mbele ya ukoo useme, huyu ni wangu. Mwenye njia yake hafutwi kwa sababu mwenyekiti amezungumza sana. Koome alibonyeza kitufe kimoja tu; kazi iliyobaki ilikuwa imeshafanywa na ukimya wako. Ningekuwa na uwezo wa kukuamsha kwa dakika chache, nisingekuomba radhi kwa kusema haya. Ningekuomba uongee.

Hutaongea. Jumamosi ijayo chifu atakuja Kanyakine, ukoo umtajie watoto wako, naye aandike majina ya warithi ya kupeleka kortini. Nitakuwepo, niwe nimeolewa Embu au mwezini. Marigu amesema hatakuja. Anasema hana nguvu ya kuonyeshwa tena kwamba hayupo. Nimemwambia aje tu, na koti lake alilete, kule kwenu bado kuna baridi. Pumzika, Murithi. Mimi siwezi bado.

Na wewe Koome, barua hii utaisoma, maana ninaiweka katika kundi lile lile ulilojisifia. Fungua diski. Toa picha za kaburini zote, bila kukata, uzilete Kanyakine Jumamosi asubuhi kabla chifu hajafika, na uziwashe mwenyewe kwenye televisheni ile ile, mbele ya Justus. Nanyi wahariri wenzake mliomshangilia, mpigieni simu leo mmwambie alete.

Dada yako mkubwa