Kilima ya Koko Cibalonza

Colombe, koko Cibalonza, bibi yetu, amenielezea leo mambo ya 1956. Mpaka sasa siamini.

Alikuwa na shamba kwenye kilima juu ya ziwa, pale Nguba. Muzungu wa plan ya muji akamuambia: "Maman, hii kilima iko muzuri sana. Serikali inailinda. Hakuna kulima, hakuna kujenga."

Muzuri sana! Wakamufukuza juu ya uzuri!

"Na makaburi ya batoto yangu ya hapa?" koko akauliza.

"Tutayalinda pia."

Wakamuhamisha Cimpunda, mutaa wa weusi. Mvua ilipoisha akarudi shambani na maua, akakuta wanajenga villa ya wazungu mule mule.

"Si ulisema hakuna kujenga?"

"Kwenu ninyi, maman," muzungu yule yule akamujibu, bila hasira.

Bila hasira, Colombe!

Koko akatafuta makaburi kati ya matofali. Hakuyaona. Akarudi Cimpunda na maua yake mukononi.