Kifuniko Kimoja kwa Kila Shina

Baba yangu,

Mahindi uliyopanda wiki moja kabla hujafariki yamefika magotini, na mvua ya Bura imeshika. Jumamosi nilipanda kutoka Voi kuja kuyatilia mbolea ya kukuzia. Tangu tukuzike nilikuwa sijalia hata mara moja. Majirani zangu wa Kaloleni, hapo Voi, walileta pole na sukari, nikawashukuru, nikarudi darasani kufundisha kemia. Sikuhisi kitu, Baba. Mama alikuwa akinitazama, kisha anaangalia kando.

Nilipohitimu uliniuliza yurea, hiyo mbolea ya kukuzia, hutoka wapi. Nikakueleza kwamba nitrojeni ya hewani hukutanishwa na hidrojeni ya gesi ya ardhini, kwa joto kali na shinikizo kubwa, chuma kikiichochea, ikawa amonia. Kisha amonia huunganishwa na ile hewa tunayotoa tukipumua. Ukacheka hadi ukakohoa.

"Kumbe tunauziwa pumzi zetu wenyewe!"

Nikasema nitrojeni ni kaidi, haishikani na kitu mpaka ilazimishwe.

"Basi hiyo mmefanana," ukasema.

Na kwa elimu yangu yote, nikaenda nikamwaga yurea juu ya mashina. Mstari mzima ukaungua. Wewe uliyeishia darasa la saba ukanipa kifuniko cha soda. "Kimoja kwa kila shina, mwalimu. Kaa mbali kiganja kimoja, halafu ufukie." Ule mstari hukuung'oa. Kila mgeni ulimpeleka kuuona: "Huu ni wa digrii." Nilikasirika msimu mzima.

Gunia la yurea ulikuwa ukilifunga kamba mara mbili, unyevu usiingie. Siku ya mazishi tulilisogeza tupate nafasi ya viti, na hakuna aliyekumbuka kulifunga. Jumamosi nikalikuta wazi, yurea imeganda mabonge. Nilipoingiza mkono, amonia ikanipanda puani, macho yakawasha. Ndani ya bonge la kwanza kulikuwa na kifuniko chako.

Machozi yakatoka. Mama akaacha jembe mlangoni, akaja akanishika mabega.

"Lia tu, mwanangu."

"Si kulia, Mama. Ni amonia."

Akalifunga gunia, kamba mara mbili, akaliburuta mpaka nje. Harufu ikaisha. Mimi nilikuwa bado nalia.

Mistari yote nimeimaliza, kiganja kimoja kutoka shinani. Mmoja tu, wa mwisho, sijautia kitu, wageni wapate cha kuonyeshwa. Lala, Baba.

Binti yako,
mwenye ule mstari